Maswali ya Wasomaji: Uchumi unakua, mbona vijana wanakipa chama kisogo?

Barua za mwezi huu zimefuata mkondo mmoja. Kuanzia Chumbageni hadi Korogwe wasomaji wanauliza kuhusu Chama Cha Mapinduzi, takwimu za uchumi ambazo serikali yake inazitangaza, na vijana ambao hawashangilii tena kama zamani. Tumechagua barua sita. Tumezifupisha, hoja zake hatukuzigusa.

Asalaam aleikum wahariri. Redioni nasikia uchumi umekua kwa asilimia 5.5 na mfumuko wa bei uko kwenye asilimia 3. Mwanangu ana stashahada, yuko nyumbani mwaka wa tatu huu, anasema hizo ni porojo za chama. Nani mkweli?
*Mwalimu mstaafu, Chumbageni*

Wa aleikum salaam, Mwalimu. Mwanao hajakosea kulalamika, ila namba hazikupikwa. Shida ni kwamba zinapima kitu kingine, si kile anachokitafuta yeye.

Hiyo 5.5 ni ukuaji wa pato la taifa kwa mwaka 2024. Pato hilo lina wagawiwa, na wagawiwa wanaongezeka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 na ikakuta idadi inakua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Toa 3.2 kwenye 5.5, kwa kila kichwa inabaki kama asilimia 2.3. Wachumi wana kanuni nyepesi: gawanya 70 kwa kasi ya ukuaji, utapata miaka ambayo kipato kitahitaji ili kiwe maradufu. 70 kwa 2.3 ni miaka 30. Kijana wa miaka 24 atakuwa na miaka 54. Na hapo tumechukulia kila mtu anapata sawa, jambo ambalo halipo. Madini, ujenzi na benki hukimbia lakini huajiri wachache. Kilimo, kinachobeba watu wengi zaidi, huenda polepole.

Kuhusu bei, kwanza mfumuko ukishuka haina maana bei zimeshuka. Maana yake zinapanda taratibu juu ya pale zilipokwisha kufika. Pili, Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima kapu la bidhaa na huduma ambamo chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa uzito wa takribani asilimia 28. Nyumba ya kipato cha chini Makorora au Mwakizaro inaweza kumaliza asilimia 60 ya fedha zake jikoni. Tufanye hesabu ya mfano: chakula kimepanda kwa asilimia 8, vingine vyote kwa asilimia 1. Kwa uzito wa kapu rasmi utapata kama asilimia 3. Kwa uzito wa nyumba ile utapata 5.2. Soko ni lile lile na bei ni zile zile, lakini machungu hayalingani.

Ajira ndiyo penye mzizi wa ugomvi. Kwa kipimo cha kimataifa, aliyefanya kazi ya malipo au faida hata saa moja ndani ya siku saba zilizopita anahesabiwa ana kazi. Kijana aliyebeba mizigo stendi asubuhi ya Jumatatu akalala njaa mpaka Jumapili hayumo kwenye orodha ya wasio na ajira. Kipimo cha kitaifa ni kipana zaidi, maana kinawachukua pia waliokata tamaa ya kutafuta. Kwa hiyo ukitajiwa asilimia ya ukosefu wa ajira uliza kwanza: kwa kipimo kipi, na kwa umri gani? Hapa nchini kijana ni wa miaka 15 hadi 35. Nchi nyingi huishia 24.

Kuna namba moja inayoeleza hali kuliko tafiti nyingi. Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Ni waombaji 84 na ushei kwa kila kiti kimoja. Sehemu ya msongamano huo imetokana na jambo jema: ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia 2016, na kidato cha tano na sita wakafuata 2022. Serikali ya CCM inastahili sifa kwa hilo. Lakini ukiongeza wahitimu bila kuongeza mahali pa kuwapeleka, unaongeza watu wenye haki ya kuuliza. Chama kinajibu kwa kutaja kilomita za lami, mitambo ya umeme na reli ya kisasa. Kijana ameuliza habari ya mshahara.

Wahariri shikamooni. Mimi ni dereva wa bodaboda. Bandari imechimbwa, bomba la mafuta linaishia hapa kwetu Chongoleani, na kila mkutano tunaambiwa Tanga inafufuka. Mbona vijana wa Tanga hatuzioni ajira?
*Msomaji, Pongwe*

Marahaba, mdogo wetu. Tuanze na bandari. Mradi uligharimu shilingi bilioni 429.1 kwa awamu mbili. Kina kiliongezwa kutoka kama mita 3 hadi 13, zikajengwa gati mbili zenye urefu wa mita 450. Zamani meli kubwa ilitia nanga kama kilomita 1.7 kutoka gatini, mzigo ukashushwa kwenye matishari, ukaletwa nchi kavu na kushushwa tena. Kazi ilifanywa mara mbili, muda ukapotea, gharama ikapanda, na wenye mizigo wakakimbilia Dar es Salaam au Mombasa. Sasa meli inafunga gatini.

Angalia kilichotokea kwa mikono ya watu. Kushusha mara moja badala ya mbili kunapunguza vibarua kwa kila tani. Ajira inaongezeka tu ikiwa tani zenyewe zimeongezeka kuliko kibarua kilichopotea, na ikiwa kazi za nyuma ya gati zinafanyika hapa Tanga: maghala, uwakala wa forodha, karakana za malori, ufungashaji. Mzigo ukishuka na kupitiliza moja kwa moja hadi Arusha au nje ya nchi, mji unabaki na vumbi na foleni.

Bomba lina tabia hiyo hiyo, tena zaidi. Urefu wake ni kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani tarehe 5 Agosti 2017. Kuchimba mtaro, kuchomelea, kulinda na kupikia kambi kunataka watu kwa maelfu. Mafuta yakianza kutiririka wanabaki waendesha mitambo, wakaguzi, walinzi na mafundi wachache. Hiyo ndiyo tabia ya bomba lolote duniani, hakuna aliyekuhujumu. Kosa ni la wanasiasa waliozitangaza ajira za ujenzi kana kwamba ni za kudumu. Kijana aliyepewa matumaini ya namna hiyo akaachishwa mkataba ulipokwisha ana hasira kuliko yule ambaye hakuahidiwa kitu.

Kuna mlango mmoja ambao vijana wengi hawaujui. Sheria ya ununuzi wa umma inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni hupita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Kikundi kinaanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii ili kitambuliwe, kisha kinasajiliwa kwenye mfumo. Usafi, ukarabati mdogo, chakula cha vikao, ushonaji wa sare, yote humo. Vikundi vingi hukwama kwenye mtaji: taasisi hulipa baada ya kazi, pengine miezi kadhaa baadaye. Msiombe zabuni ambayo hamwezi kuigharamia wenyewe kwa siku 90.

Mimi ni mama wa watoto watano. Wanangu wawili wameunda kikundi wapate mkopo wa halmashauri, lakini balozi wa nyumba kumi kawaambia wachukue kadi ya chama kwanza. Ni kweli? Na kwa nini wanaopata ni wale wale?
*Mama wa Makorora*

Si kweli, Mama, na tungeomba kila msomaji alielewe hili. Mkopo huo si zawadi ya chama chochote. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, iliyorekebishwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Fedha hizo zinatoka kwenye ushuru wa soko, leseni na maegesho, yaani mifukoni mwenu nyote, wenye kadi na wasio nayo.

Kikundi cha vijana au wanawake kiwe na watu wasiopungua watano. Kiandae katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba mkopo wenye sahihi za wote, namba za NIDA, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na andiko la mradi. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kuanza naye. Atawaongoza kwenye usajili wa kielektroniki, kisha maombi yanapita kamati ya kata na kupanda halmashauri. Andiko ndilo linaloangusha wengi. Likisema tu "biashara ya kuku, shilingi milioni 8" litarudi. Linatakiwa lionyeshe vifaranga wangapi, bei ya kila kimoja, mifuko ya chakula hadi siku ya kuuza, chanjo, wangapi watakufa (hata mfugaji hodari huweka akiba ya vifo), nani atanunua na kwa bei gani, na marejesho ya kila mwezi yatatoka wapi kabla kuku hawajauzwa.

Sasa swali lako la pili. Chukua halmashauri inayokusanya bilioni 1 ya mapato yanayoingia kwenye hesabu hii. Asilimia 4 ni milioni 40. Kila kikundi kikipewa milioni 10, ni vikundi vinne, vijana ishirini. Wilaya ina vijana maelfu kwa maelfu. Hata ingekuwa hakuna upendeleo hata chembe, wengi wangekosa. Halafu upendeleo upo: Aprili 2023 Serikali yenyewe ilisitisha mikopo hii baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikaanza tena mwaka wa fedha 2024/25 kwa kanuni mpya. Katika kipindi kile waliokuwa wameandaa maandiko yao kwa uaminifu walikaa bila kitu kwa makosa ya wengine.

Hapa ndipo tunapokilaumu chama waziwazi. Mfuko mdogo namna hii umenadiwa kwenye majukwaa kana kwamba ndio sera ya ajira ya vijana. Hauwezi kubeba mzigo huo. Na balozi anapodai kadi, kijana anajifunza kwamba dola na chama ni kitu kimoja, kwa hiyo kila anachonyimwa na ofisi anakidai kwa chama.

Wanao waombe kwa maandishi na kubaki na nakala. Wakikataliwa, wadai sababu kwa maandishi pia.

Wazee wa huku wanasema mkonge uliuawa na Azimio la Arusha. Ni haki kukilaumu chama?
*Msomaji, Korogwe*

Nusu. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, ikiwa ya kwanza duniani. Kushuka kwa bei kulianza baada ya hapo, kabla ya Azimio la Februari 1967, kwa sababu kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni. Hilo hakuna chama kingelizuia.

Cha kulaumiwa ni kilichofuata. Mashamba mengi yalitaifishwa Oktoba 1967 na upandaji mpya ukalegea. Mkonge unataka kama miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na mmea hufa baada ya kutoa mlingoti. Ukiacha kupanda mwaka huu hutaona kitu. Utakiona baada ya miaka minane au kumi, mmea wa zamani umekwisha na mpya haupo. Juu yake shilingi ilishikiliwa kwa bei ya juu kuliko thamani yake hadi katikati ya miaka ya 1980, hivyo muuza nje alilipwa shilingi chache kwa kila dola aliyoleta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa takribani tani 20,000, chini ya moja ya kumi ya ule wa 1964. Waliokuwa madarakani muda wote huo ni TANU, na kuanzia 5 Februari 1977 CCM.

Inasemekana vijana wanaikimbia CCM, lakini matokeo ya uchaguzi yanasema kinyume. Mnapimaje?
*Msomaji, Duga*

Kwa kura peke yake, huwezi tena. Mgombea urais wa CCM alipata asilimia 80.28 mwaka 2005, 62.83 mwaka 2010, na 58.46 mwaka 2015, mwaka ambao hata jimbo la Tanga Mjini lilikwenda kwa chama cha upinzani cha CUF. Huo ni mteremko unaosomeka. Kisha ikatangazwa 84.4 mwaka 2020 na 97.66 mwaka 2025. Lakini mwaka 2025 Chadema, chama kikuu cha upinzani, haikuwa kwenye karatasi ya kura. Ilizuiwa Aprili baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Siku ya kura, 29 Oktoba, vijana waliingia barabarani Dar es Salaam na miji mingine, watu wakapoteza maisha, intaneti ikazimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Asilimia 97 na barabara zile haviwezi kusomwa kama kipimo kimoja. Mizani ambayo upande mmoja umefungwa haipimi, hata ikionyesha namba.

Njia nyingine ni tafiti za maoni. Taasisi ya Twaweza ilionyesha wanaoridhika na utendaji wa Rais Magufuli wakishuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi 71 mwaka 2017 na 55 mwaka 2018. Baada ya hapo ilidaiwa maelezo kuhusu kibali cha utafiti, na mwaka huo huo sheria ya takwimu ikakazwa, ililegezwa 2019. Tafiti zikinyamazishwa, chama chenyewe ndicho cha kwanza kupofuka, kwa kuwa hakijui tena nani amehama wala kwa nini.

Mkisoma tafiti kuweni waangalifu. Sampuli ya watu 2,400 ina kosa la kama asilimia 2 juu au chini. Vijana ndani yake wakiwa 800, kosa ni kama 3.5. Mkoa wa Tanga ni kama asilimia 4 ya Watanzania, kwa hiyo katika sampuli hiyo mna watu wapatao mia tu, na kosa linafika 10. Anayetangaza "vijana wa Tanga wamehama kwa asilimia 6" kwa utafiti wa namna hiyo hajui asemalo.

Kwa wenzetu kusini mambo yalionekana wazi zaidi kwa sababu kura zilipigwa wote wakiwepo. ANC ya Afrika Kusini ilikuwa na asilimia 69.69 mwaka 2004, ikateremka 65.90, 62.15, 57.50, hadi 40.18 mwaka 2024, ikalazimika kugawana serikali. Ukosefu wa ajira kwa walio chini ya miaka 35 ulikuwa umefika karibu asilimia 45 na umeme ulikuwa ukikatika kwa miaka. Vijana wengi hawakuhamia chama kingine, waliacha tu kupiga kura. Botswana ilikuwa ghafla zaidi: chama kilichotawala tangu 1966 kilishuka kutoka viti 38 mwaka 2019 hadi 4 Oktoba 2024, soko la almasi likiwa limeanguka na vijana hawana kazi. Kwa hiyo kwenye mtaa wako tazama nani anajiandikisha na nani anaacha, nani anahudhuria mkutano bila kuletwa na gari. Ukimya wa kijana usiuhesabu kuwa ni ridhaa.

Nasoma chuo Muheza. Nataka kuandika makala ya kukosoa rekodi ya uchumi ya chama bila kupuuzwa na bila kujiingiza matatani. Nianzie wapi?
*Mwanafunzi*

Anzia kwenye ahadi, si kwenye hasira. Ilani ya CCM ya 2020 iliahidi ajira mpya zisizopungua milioni 8 kwa miaka mitano, sekta rasmi na isiyo rasmi. Ni milioni 1.6 kwa mwaka. Swali lako liwe: zilihesabiwaje? Maneno "isiyo rasmi" yanaruhusu kila aliyetandika meza ya mihogo kuhesabiwa kama mafanikio ya chama. Dai hesabu ya waliosajiliwa mifuko ya hifadhi ya jamii, maana huko kuna jina, mwajiri na mchango.

Kwenye bajeti tenganisha fedha zilizoidhinishwa, zilizotolewa na zilizotumika. Wanasiasa hutaja za kwanza. Zahanati hujengwa kwa za mwisho. Mwaka wa fedha huanza Julai kuishia Juni, usiuchanganye na mwaka wa kalenda. Shilingi za 2015 usizilinganishe na za 2025 kabla ya kuondoa mfumuko wa bei.

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) inafika kwa Rais mwisho wa Machi na kusomwa Bungeni Aprili. Nenda kwenye kitabu cha serikali za mitaa na utafute halmashauri yako. Usidanganywe na "hati inayoridhisha". Hati hiyo inasema vitabu vimeandikwa sawasawa, haisemi fedha zilinunua kitu chenye thamani. Soma kurasa zinazofuata, zenye hoja za ukaguzi, na uangalie zipi zimerudiwa kutoka mwaka uliopita bila kujibiwa.

Kila namba iwe na chanzo, tarehe na ukurasa, kwa sababu sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo na hutaki mtu apate upenyo wa kukushika kwa namba ya kubahatisha. Tenganisha taarifa na maoni yako. Taja serikali kwa matendo ya serikali, chama kwa ahadi za chama.

Usichokipata, kiombe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku zisizozidi 30 kukujibu. Andika barua yenye jina na anwani yako, utaje waraka unaoutaka na mwaka wake badala ya "taarifa zote za mikopo", uipeleke kwa mkono masijala ya halmashauri, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu siku zinahesabiwa kuanzia hapo.